Eko, MRI, Eksirei au CT: Picha Ipi Imfae Mama Ambaye Moyo Wake Umedhoofika Karibu na Kujifungua

Mama amejifungua wiki mbili zilizopita na hawezi kulala chali. Akijinyoosha tu pumzi inambana, kwa hiyo analala ameegemea mito mitatu, na usiku wa manane hushtuka akitweta kama mtu aliyepanda mlima. Miguu imejaa. Kila anayemsikiliza ana maelezo tayari: amechoka, damu imepungua, mtoto hamwachi alale, uvimbe wa ujauzito bado haujaisha. Mara nyingi maelezo hayo huwa sahihi, na ndiyo yanayowaponza wale wachache ambao moyo wao kweli umeshindwa kusukuma damu, kwa kuwa dalili zao ni zilezile. Mkono wa mkunga na sikio la daktari haviwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Picha ya moyo inaweza.

Swali ni picha ipi, na lini. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wahudumu wa wodi za uzazi wanaopaswa kuamua waombe kipimo gani kwanza, na pia kwa ajili ya mama na ndugu zake wanaotaka kuelewa kwa nini wameelekezwa chumba kimoja badala ya kingine.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni kadiomayopathi ya uzazi: udhaifu wa misuli ya moyo unaojitokeza mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuna sababu nyingine iliyopatikana ya moyo wake kudhoofika. Mwaka 1971 Demakis na Rahimtoola waliuwekea mipaka ya muda, kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua. Mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya moyo waliilegeza mipaka hiyo, wakashikilia kigezo ambacho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa stethoskopu: ventrikali ya kushoto, yaani chemba ya moyo inayosukuma damu mwilini, karibu kila mara husukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo katika kila pigo. Asilimia hiyo nitaiita kiwango cha usukumaji. Kwa hiyo ugonjwa huu hauwezi kutajwa kwa uhakika bila picha, na maneno yale “hakuna sababu nyingine” nayo yanadai picha, maana ndani yake mna orodha ndefu ya magonjwa yanayopaswa kuondolewa kwanza.

Ujauzito wenyewe huutwika moyo mzigo. Wingi wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika hupanda kwa asilimia 30 hadi 50, na ventrikali ya kushoto hupanuka kidogo. Mara tu baada ya kujifungua, mji wa mimba unapojikaza, damu inayofikia takriban nusu lita hurudi ghafla katika mzunguko. Hata hivyo, hakuna lolote kati ya haya linaloushusha moyo wenye afya hadi kiwango cha usukumaji cha asilimia 40. Nalisisitiza hili kwa sababu maneno “mabadiliko ya kawaida ya ujauzito” huandikwa kirahisi mno chini ya picha ambayo si ya kawaida hata kidogo.

Maswali ambayo picha inapaswa kuyajibu ni manne. Je, moyo umedhoofika? Umedhoofishwa na nini? Leo hii kuna hatari gani ndani yake, hasa donge la damu? Na je, una dalili za kupona? Kila kipimo kina nguvu katika baadhi ya maswali na ni dhaifu katika mengine, na chaguo zuri hutokana na kujua ni swali lipi linaloulizwa siku hiyo.

Eko: kipimo cha kwanza

Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ndiyo inayotangulia, na sioni hali ya kawaida ambayo uamuzi huo unastahili mjadala. Haina mionzi, kwa kawaida haihitaji dawa yoyote kuingizwa mshipani, haimgusi mtoto aliye tumboni wala haichafui maziwa ya anayenyonyesha, na mashine yake huletwa kitandani. Sifa hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa tunayemzungumzia hawezi kulala chali, na kipimo kinachomtaka alale chali kwa dakika 45 hakimfai siku ya kwanza, hata kiwe bora namna gani. Eko hufanyika mama akiwa ameinuliwa mgongo na kugeukia ubavu wa kushoto, mkao ambao unausogeza moyo karibu na mbavu na wakati huohuo, kwa mjamzito, unaiondolea mishipa mikubwa ya damu uzito wa mji wa mimba.

Mpimaji hupaka jeli, akaweka kichwa cha mashine kati ya mbavu chini ya titi la kushoto, na katika nusu dakika ya kwanza mtu mwenye jicho lililozoea huwa ameshapata jibu la swali la kwanza. Katika moyo wenye afya kuta za ventrikali hukaribiana na kunenepa kila zinapojikaza, na kipande cha mbele cha vali ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto, hufunguka hadi karibu kugusa ukuta unaotenganisha pande mbili za moyo. Katika moyo uliodhoofika ukuta hutikisika tu pasipo kubana, vali hufunguka nusunusu, na pengo kati ya ncha yake na ukuta huonekana bila kipimo chochote cha rula. Wakati mwingine damu huzunguka polepole kiasi kwamba inaonekana kwenye kioo kama moshi mwembamba unaojikunja. Anayeuona moshi huo anapaswa kuanza mara moja kulitafuta donge.

Baada ya hapo ndipo hesabu hufanywa. Picha husimamishwa moyo ukiwa umejaa, kisha ukiwa umejikaza, na ukingo wa ndani wa ventrikali huchorwa katika mikato miwili ili mashine ikokotoe ujazo. Kwa wanawake, kiwango cha kawaida cha usukumaji ni asilimia 54 hadi 74. Upana wa ventrikali ikiwa imejaa nao hupimwa; kwa kawaida hauzidi takriban milimita 52.

Namba hizi mbili ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika kutabiri. Katika utafiti unaojulikana kama IPAC, uliofuatilia wanawake 100 wa Amerika ya Kaskazini wenye ugonjwa huu na kuchapishwa mwaka 2015, asilimia 72 walikuwa wamerudi kwenye kiwango cha usukumaji cha 50 au zaidi walipofikia mwaka mmoja. Kilichogawanya matokeo hayo ni kama mama alianza chini ya 30 au juu yake: miongoni mwa walioanza chini, walio wengi hawakurejea kwenye kiwango hicho, na hakuna hata mmoja aliyerejea kati ya wale ambao walikuwa chini ya 30 na papo hapo ventrikali yao imepanuka hadi sentimita 6 au zaidi. Utabiri mkubwa namna hiyo umetokana na eko ya siku za mwanzo, na ndiyo maana eko iliyocheleweshwa kwa wiki tatu mama akitibiwa “uchovu” huacha pengo lisilozibika baadaye.

Eko pia huondoa magonjwa mengi yanayojifanya kuwa kadiomayopathi ya uzazi. Vali ya mitrali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo mara nyingi hujitangaza kwa mara ya kwanza katika ujauzito kwa sababu damu iliyoongezeka inashindwa kupita, huonekana waziwazi. Vivyo hivyo maji yaliyozunguka moyo, tundu la kuzaliwa nalo, misuli iliyonenepa kwa kurithi, na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Upande wa kulia wa moyo ukiwa umevimba huku wa kushoto ukipiga vizuri, mawazo yanapaswa kuhamia kwenye donge lililokwama mapafuni. Na kwa mama aliyepata kifafa cha mimba au shinikizo la damu linalokitangulia, eko inaweza kuonyesha moyo unaosukuma vizuri lakini mgumu, unaojaa kwa shida. Huyu naye hujaa maji mapafuni, lakini ugonjwa wake ni mwingine na mwelekeo wake ni mwingine.

Udhaifu wa eko uko mahali pawili, na yeyote anayeichagua anapaswa kuujua. Kwanza, ukingo ule huchorwa na mtu. Mpimaji mmoja akiurudia, au wawili wakiupima moyo uleule, matokeo yanaweza kutofautiana kwa pointi zinazokaribia 10 bila moyo kubadilika chochote. Mama aliyeambiwa amepanda kutoka 38 hadi 44 huenda kweli amepanda, na huenda ni kalamu tu iliyopita mahali tofauti. Kuna njia ya kupunguza utata huu, nayo ni kupima jinsi nyuzi za misuli zinavyofupika kwa urefu katika kila pigo. Kipimo hiki hugundua udhaifu ambao kiwango cha usukumaji bado hakijauonyesha, ila kinahitaji picha safi na mashine yenye programu yake. Pili, si kila kifua kinapitisha mawimbi vizuri. Matiti yaliyojaa maziwa, tumbo linalosukuma kiwambo juu, au mapafu yaliyotanda mbele ya moyo huififisha picha, na sehemu inayopotea kwanza ni ncha ya moyo, ambayo bahati mbaya ndiyo makazi ya madonge ya damu.

Kwa ncha isiyoonekana kuna msaada ambao hautumiwi vya kutosha: dawa ya viputo vidogo sana vya gesi inayodungwa mshipani wakati wa eko. Viputo hivyo huijaza ventrikali kwa mng’ao, ukingo ukaonekana wote, na donge likajitokeza kama doa jeusi. Gesi yake hutoka kwa pumzi bila kupitia figo. Kwa mama aliyekwisha kujifungua, hii ni hatua nyepesi kuliko kumpeleka kwenye MRI kwa ajili ya swali hilo moja.

Mashine ndogo za eko za kushika mkononi zinastahili neno. Zinatosha kabisa kwa swali la kwanza, na zikiwekwa juu ya mapafu huonyesha mistari mieupe inayoshuka, ambayo ni ishara ya maji. Mkunga au daktari wa wodi aliyefunzwa anaweza kuitumia usiku uleule. Kwa namba za kufuatilia mwaka mzima hazitoshi, na mama aliyepimwa kwa mashine hiyo bado anadai eko kamili, hata kama jibu la kwanza lilikuwa zuri, ikiwa dalili zinaendelea.

MRI: inapojibu ambacho eko imeshindwa

MRI ya moyo hutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi, na kwa kupima ujazo wa chemba za moyo haina mpinzani. Haitegemei dirisha kati ya mbavu. Huukata moyo mzima vipande vipande toka juu hadi kwenye ncha, kwa hiyo haikisii umbo la ventrikali kama eko ya kawaida inavyolazimika kufanya, na vipimo viwili vilivyorudiwa hukaribiana sana. Ventrikali ya kulia, ambayo kwa eko ni ngumu kuipima kwa sababu ya umbo lake lililopinda, hapa hupimwa kwa uhakika uleule. Na kudhoofika kwa upande huo pamoja na wa kushoto ni dalili ya mwelekeo mbaya.

Hata hivyo, sababu hasa ya kuiomba ni swali la pili, la chanzo. MRI huiona nyama ya moyo yenyewe. Huonyesha misuli iliyovimba kwa maji kutokana na uchochezi, na baada ya mama kudungwa gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, huonyesha kovu, kwa sababu dawa hiyo huchelewa kutoka mahali ambapo seli zimekufa au nyuzi za kovu zimejaa. Mahali kovu lilipo hutaja chanzo. Likianzia upande wa ndani wa ukuta na kufuata eneo linalolishwa na mshipa mmoja, huo ni mshtuko wa moyo, na kwa mwanamke aliyejifungua karibuni hilo huelekeza kwenye kuchanika kwa ateri ya moyo, tukio la nadra linalopenda kipindi hiki hasa. Likikaa upande wa nje, hasa ubavuni, huelekeza kwenye uchochezi wa misuli ya moyo, ambao mara nyingi huletwa na virusi. Ncha ikiwa imevimba kama puto na haipigi huku kovu halipo, huenda ni moyo uliopigwa na mshtuko wa homoni za msongo, hali ambayo kwa kawaida hurejea ndani ya wiki chache.

Katika kadiomayopathi ya uzazi yenyewe, kovu si jambo la kawaida. Tawi la utafiti wa IPAC lililowapiga MRI wanawake 40 lilikuta kovu kwa wachache sana. Nalielewa hilo kwa namna mbili. Kwa upande mmoja linatia moyo, kwa maana linaafikiana na ukweli kwamba wengi hupona: misuli imezimia, haijafa. Kwa upande mwingine linaipunguzia MRI nguvu ya kutabiri, kwa sababu kukosekana kwa kovu hakuwatofautishi watakaopona na wasiopona. Kwa hiyo simshauri mtu aiombe MRI ili tu kumhakikishia mama kwamba atapona. Nashauri iombwe pale kovu, likipatikana, litakapobadilisha jina la ugonjwa na matibabu yake.

Kwa donge la damu, MRI yenye gadoliniamu ndiyo yenye jicho kali kuliko zote. Katika rejista ya kimataifa iliyokusanya wanawake 739 wenye ugonjwa huu kutoka nchi 49, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba takriban asilimia 7 walipata madonge yaliyoziba mishipa katika miezi sita ya kwanza, na asilimia 6 walifariki. Damu ya mama katika kipindi hiki huganda kwa urahisi hata moyo ukiwa mzima; ukidhoofika, hatari huongezeka. Eko ikiwa na mashaka kuhusu ncha ya moyo unaosukuma chini ya asilimia 35, mashaka hayo yanapaswa kuondolewa kwa viputo au kwa MRI, si kuandikwa kwenye ripoti na kuachwa.

Sasa upande wa gharama za kimwili, ambao wanaoisifia MRI huupita haraka. Mama huingizwa katika mtungi mwembamba wenye kelele, akalala chali kwa dakika 45 hadi saa nzima, waya za umeme wa moyo zikiwa kifuani na koili nzito juu yake. Sauti kwenye vipokea sauti humwambia: vuta pumzi, toa, usipumue. Anakaa sekunde 10 hadi 15, anaachiwa, kisha tena, makumi ya mara. Mtu ambaye mapafu yake yana maji hawezi. Akijaribu, atapumua katikati, picha zitachafuka, na saa nzima itakuwa imepotea yeye akiwa mbali na oksijeni na dawa za wodini. Maji yatolewe kwanza kwa dawa, alale chali kwa raha, ndipo apelekwe. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho kulala chali huugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu, kwa hiyo hulazwa ameegemezwa ubavu wa kushoto.

Kuhusu mtoto, mambo mawili yasichanganywe. MRI bila gadoliniamu inaruhusiwa katika ujauzito. Gadoliniamu yenyewe hupita kwenye kondo, na utafiti mkubwa wa Ontario nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, uliihusisha na vifo vya watoto kabla au muda mfupi baada ya kuzaliwa na magonjwa ya uchochezi ya ngozi na viungo. Kwa sababu hiyo huepukwa kwa mjamzito isipokuwa jibu lake litaokoa maisha na hakuna njia nyingine. Baada ya kujifungua hali hubadilika kabisa. Kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 0.04 ya dozi, na utumbo wa mtoto hufyonza chini ya asilimia moja ya hicho. Mama hana haja ya kuacha kunyonyesha, wala kukamua na kumwaga maziwa kwa siku nzima kama wengine wanavyoambiwa hadi leo. Inaniuma kila nikisikia maziwa ya kichanga yamemwagwa kwa hofu isiyo na msingi. La kuangalia ni figo: mama ambaye kifafa cha mimba kimemharibu figo vibaya apimwe kwanza kabla ya kudungwa.

Eksirei, CT na picha ya mishipa ya moyo

Eksirei ya kifua haipimi moyo unavyosukuma. Inaonyesha kivuli kilichopanuka na mapafu yaliyojaa maji, na inasaidia kuona nimonia au kifua kikuu. Haipaswi kukataliwa kwa kuhofia mtoto: mionzi inayomfikia aliye tumboni ni miligrei (kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) 0.0005 hadi 0.01, ilhali madhara ya kimaumbile hayajaonekana chini ya miligrei 50, na mionzi ya asili inayotuzunguka humpa mtoto kati ya nusu na miligrei moja katika ujauzito wote. Lakini eksirei safi haimwondolei mama ugonjwa wa moyo, na mahali ambapo eko ipo, eksirei isiwe sababu ya kuichelewesha.

CT, yaani eksirei nyingi za mikato zinazounganishwa na kompyuta, ikipigwa kwenye mishipa ya mapafu ina kazi moja hapa, kulitafuta donge mapafuni, na kazi hiyo huifanya vizuri kwa dakika chache. Mtoto tumboni hupata miligrei 0.01 hadi 0.66. Anayestahili kufikiriwa zaidi ni mama mwenyewe, kwa kuwa matiti yanayojiandaa kunyonyesha hupokea sehemu kubwa ya mionzi. Hilo ni la kupimwa kwenye mizani, si la kumnyima kipimo mwanamke anayeweza kufariki usiku huo. Dawa ya ayodini inayotumika haizuii kunyonyesha.

Picha ya ateri za moyo kwa kupitisha mrija mwembamba huhifadhiwa kwa mwenye maumivu makali ya kifua, mabadiliko ya ghafla kwenye kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu vinavyoonyesha misuli inakufa. Ateri iliyochanika huweza kuchanika zaidi kwa kuguswa, kwa hiyo kazi hii ni ya mikono iliyobobea.

Kuchagua kwa hali aliyo nayo mama

Kwa mjamzito anayetweta, chaguo ni eko siku hiyohiyo, na kwa kawaida hiyo inatosha kuanza matibabu na kupanga uzazi. MRI bila gadoliniamu huongezwa pale tu madirisha ya eko yamekataa kabisa, au pale kinachoshukiwa ni ugonjwa wa kurithi ambao umbo peke yake litautambulisha. Tahadhari moja: ndani ya ventrikali ya mjamzito mwenye afya vijinyama vya ukuta huweza kuonekana vingi kuliko kawaida, na MRI inayosomwa bila kukumbuka hilo inaweza kumpa mama jina la ugonjwa wa kudumu ambao hana.

Kwa aliyejifungua na hali yake ni mbaya, shinikizo limeshuka na mapafu yamejaa, eko ya kitandani tena, irudiwe kila matibabu yanapobadilishwa. Safari ya kwenda kwenye sumaku ingoje.

Kwa aliyejifungua, ametulia, na eko imeonyesha udhaifu usio na utata, asiye na maumivu ya kifua wala historia ya ajabu, MRI ni ya hiari. Ikiwa ipo karibu na haimtenganishi na mtoto kwa muda mrefu, inampa kipimo sahihi cha kuanzia. Ikiwa inadai safari ndefu na wiki za kusubiri, sioni kosa kuiacha. Dawa hazisubiri picha hiyo.

Mizani hugeuka katika hali chache, na hapo ningeipigania MRI. Ukuta mmoja wa moyo ukiwa umedhoofika kuliko mwingine. Homa na maumivu ya kifua vikiwa vimetangulia. Mapigo yakiwa ya hatari. Au miezi mitatu hadi sita ya dawa ikipita bila moyo kupanda, na wataalamu wakawa wanafikiria kumwekea mashine ya kuurudisha moyo katika mapigo yake. Mashine hiyo hukaa mwilini miaka, na katika ugonjwa ambao wengi hupona ndani ya nusu mwaka, uamuzi wa kuiweka hauwezi kusimama juu ya namba ambayo inaweza kukosea kwa pointi 10.

Kwa ufuatiliaji, eko ndiyo ya kurudiwa: kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha katika wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Zirudiwe kwa njia ileile, mahali palepale ikiwezekana, na picha za awali zikiwa wazi pembeni ya mpya, maana kulinganisha namba ya eko ya leo na namba ya MRI ya mwezi uliopita ni kulinganisha vitu viwili visivyolingana. Mama ambaye dada au mama yake mzazi aliwahi kupata udhaifu wa moyo aseme. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban asilimia 15 ya wenye ugonjwa huu walikuwa na mabadiliko ya kurithi katika jeni za misuli ya moyo, mengi yakiwa katika jeni ya taitini, protini kubwa ya nyuzi za misuli, na eko kwa ndugu wa damu hugundua mwingine kabla hajaugua.

Picha nzito kuliko zote huja baadaye, mama anapouliza kama anaweza kubeba ujauzito mwingine. Utafiti ulioongozwa na Elkayam mwaka 2001 uliwafuatilia wanawake 44 waliobeba mimba tena. Miongoni mwa wale ambao moyo ulikuwa umerudi kwenye kiwango cha usukumaji cha 50 au zaidi kabla, asilimia 21 walipata tena dalili za moyo kushindwa na hakuna aliyefariki. Miongoni mwa wale ambao ulikuwa bado dhaifu, asilimia 44 walipata dalili na asilimia 19 walifariki. Hapa kiwango cha usukumaji cha 48 na cha 55 vinatenganisha mashauri mawili tofauti kabisa. Kwa mama aliye kwenye ukingo huo, MRI inastahili kuongezwa hata kama hakuwahi kuihitaji awali, na kwa aliye juu ya 50, eko inayofanywa moyo ukiwa umeharakishwa kwa mazoezi au dawa huonyesha kama una akiba ya nguvu au unang’ara ukiwa umepumzika tu.

Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza kabisa, mama aombe nakala ya picha zenyewe pamoja na ripoti inayotaja kiwango cha usukumaji kwa namba, upana wa ventrikali ikiwa imejaa, hali ya upande wa kulia, na kama ncha ya moyo ilionekana vizuri au la.